Konea ya maikroni 508: kuchagua kati ya LASIK, SMILE na PRK kwa mcheza judo

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 27. Mchana yuko ofisini mbele ya kompyuta, jioni yuko kwenye mkeka wa judo. Hajawahi kuona mbali vizuri tangu akiwa shule ya msingi, na kwa miaka mingi amekuwa akivaa lenzi laini jichoni kwa sababu miwani na judo haviendi pamoja. Aliingia kliniki akiwa ameshaamua: "Daktari, mimi nataka ile mpya, isiyofunua jicho. Nimesoma kwamba ndiyo bora." Alikuwa anaizungumzia SMILE, mojawapo ya njia tatu za kurekebisha kutoona mbali kwa leza, pamoja na LASIK na PRK. Mwishowe alifanyiwa PRK, iliyo kongwe zaidi kati ya njia hizo tatu.

Hiki ni kisa cha kufundishia. Namba zake nimezipanga ili zioneshe hali inayotatiza zaidi, ile ambayo konea, tabaka angavu la mbele ya jicho, si nyembamba kiasi cha kukatazwa upasuaji wala si nene kiasi cha kumruhusu mtu achague apendavyo. Njia alizopitia na hali alizokutana nazo ni zile zinazowapata wagonjwa wa aina yake.

Ramani iliyotia shaka

Siku ya kwanza jicho la kulia lilisoma namba ya miwani ya -5.00 pamoja na astigmatizimu (mpindo usiolingana pande zote) ya -0.75, la kushoto -4.75 na -0.50. Unene wa konea katikati ulikuwa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 517 kulia na 520 kushoto. Wastani kwa watu wengi ni kati ya 540 na 550, kwa hiyo alikuwa chini ya wastani ila hayupo kwenye hatari ya wazi. Kilichotushtua ni ramani ya konea ya kulia: nusu ya chini ilikuwa na mpindo mkali kuliko nusu ya juu kwa dayopta 1.6 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga). Tofauti inayozidi 1.4 huwafanya wataalamu waanze kufikiria keratokonasi, ugonjwa ambao konea hukonda na kuchomoza mbele ikachukua umbo la koni. Kumchonga kwa leza mtu mwenye keratokonasi iliyojificha ni kumharibia jicho. Konea iliyo dhaifu tayari huendelea kulegea na kufura, hali tunayoiita ektasia, na uoni unaopotea namna hiyo miwani haiurudishi.

Isitoshe, alikiri kwamba anasugua macho mara kwa mara kwa sababu ya aleji. Kusugua macho na keratokonasi ni mambo yanayoandamana. Angekuwa mbele ya mtu mwenye haraka, angeweza kuambiwa hafai kabisa. Angekuwa mbele ya mtu mwenye haraka zaidi, angepangiwa tarehe.

Lakini lenzi zake alizivua asubuhi ileile. Lenzi inayokaa jichoni saa nyingi kila siku hukandamiza konea na kuibadilisha umbo kidogo, na huipunguzia oksijeni hata ikavimba. Vipimo vinavyochukuliwa saa chache baada ya kuivua haviioneshi konea ilivyo. Ndiyo maana kliniki makini humtaka mgonjwa akae bila lenzi laini wiki moja hadi mbili kabla ya kupimwa, na kama ni lenzi ngumu, wiki kadhaa. Yeye tulimpa wiki tatu kwa makusudi, tukamwandikia matone ya aleji na machozi ya bandia, tukamsihi asiguse macho.

Aliporudi, tofauti ya juu na chini ilikuwa imeshuka hadi 0.7. Uso wa nyuma wa konea, ambao mara nyingi ndio hutangulia kuonesha keratokonasi, ulikuwa shwari. Namba ya jicho la kulia ilipanda hadi -5.25 na astigmatizimu ikabaki -0.75, jicho la kushoto halikubadilika. Na unene halisi ukajitokeza: 508 kulia, 512 kushoto. Maikroni tisa za kulia zilizopungua zilikuwa uvimbe tu. Ukiziingiza kwenye hesabu ya upasuaji, unahesabu tishu ambayo haipo.

Mengine yalikuwa mazuri. Miwani yake ya mwaka uliotangulia ilitofautiana na vipimo vipya kwa 0.25 tu, na kigezo kinachotumika ni kwamba badiliko la mwaka lisizidi 0.50. Tulirudia kipimo kwa matone yanayolegeza msuli wa kulenga, ili jicho lisitudanganye kwa kujikaza. Presha ya jicho ilikuwa 14. Retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha, ilikaguliwa hadi pembezoni, mboni ikiwa imepanuliwa, na haikuwa na tundu. Machozi ndiyo yalikuwa hafifu: utando wake ulikatika baada ya sekunde 7, na kinachotarajiwa ni 10 au zaidi.

Kila njia inachofanya

Konea ndiyo inayofanya takribani theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga jichoni, kama dayopta 43 kati ya 60. Kwa mtu asiyeona mbali, jicho limerefuka kupita kiasi na picha inatua mbele ya retina badala ya juu yake. Leza haifupishi jicho. Inapunguza mpindo wa konea katikati ili picha isogee nyuma. Njia zote tatu zinafikia lengo hilo kwa kuondoa tishu kutoka kwenye stroma, tabaka nene la kati la konea. Zinatofautiana katika namna ya kuifikia stroma na katika kile zinachokikata njiani.

PRK huanza juu kabisa. Utando laini wa nje, epitheliamu, wenye unene wa maikroni 50 hivi, huondolewa, kisha leza ya eksima huchonga stroma moja kwa moja. Leza hii hutoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193, unaovunja vifungo vya molekuli bila kuunguza tishu ya jirani. Kila pigo huondoa takribani robo ya maikroni. Stephen Trokel na wenzake walionesha uwezo huo kwenye konea mwaka 1983, na mwaka 1988 Marguerite McDonald akafanya PRK ya kwanza kwenye jicho linaloona. Epitheliamu hujiotea yenyewe ndani ya siku tatu hadi tano, na siku hizo zina maumivu.

LASIK, ambayo Ioannis Pallikaris wa Krete ni miongoni mwa waanzilishi wake, huepuka maumivu hayo kwa kukata kifuniko cha maikroni 100 hadi 120, kukifunua kama ukurasa wa kitabu, kuchonga chini yake kwa eksima na kukirudisha. Siku hizi kifuniko hukatwa kwa leza ya femtosekunde, yenye mapigo mafupi mno, mahali pengi. Mgonjwa huona vizuri kesho yake. Ila kifuniko hakigandi tena kwa nguvu iliyokuwepo mwanzo. Pembeni hujifunga, katikati hushikilia kwa udhaifu maisha yote.

SMILE, iliyoasisiwa na Walter Sekundo na Marcus Blum nchini Ujerumani na kuidhinishwa Marekani mwaka 2016, haina kifuniko wala eksima. Leza ya femtosekunde huchora ndani ya stroma kipande chembamba chenye umbo la lenzi, na daktari hukivuta nje kupitia mkato wa milimita 2 hadi 4. Ukilinganisha na ukingo wa kifuniko cha LASIK unaokaribia milimita 20, unaelewa kwa nini neva nyingi za juu husalimika.

Tafiti zilizolinganisha njia hizi hazioni tofauti kubwa ya ukali wa kuona baada ya mwaka. Hilo ndilo tulilotaka mgonjwa wetu alielewe kwanza. Kama mwisho wa safari unalingana, basi uamuzi unapaswa kufanywa kwa kuangalia konea itakayobaki na maisha ambayo konea hiyo itaishi nayo.

Hesabu ya kinachobaki

Kanuni ya Munnerlyn inakadiria kina cha kuchonga hivi: kipenyo cha eneo la kuona kwa milimita, kizidishwe chenyewe, kizidishwe kwa dayopta, kigawanywe kwa tatu. Jicho la kulia linahitaji dayopta 6.00 (5.25 na 0.75) kwenye mhimili wake mkali. Kwa eneo la milimita 6.5, ni maikroni 85 hivi.

Kwa LASIK yenye kifuniko cha 110, tishu iliyoguswa ni 110 na 85, yaani 195. Chini ya kifuniko zinabaki 313. Kiwango cha chini kinachokubalika tangu zamani ni 250, na wengi siku hizi hawapendi kushuka chini ya 300, kwa hiyo kwa kipimo hicho anapita. Lakini 195 ni zaidi ya asilimia 38 ya unene wote, na kuanzia asilimia 40 uwezekano wa ektasia huongezeka hata kwa ramani inayoonekana safi. Anapita akiwa amekaribia mpaka. Akihitaji nyongeza ya dayopta moja baada ya miaka michache, maikroni nyingine 14 zinaondoka na mpaka umevukwa.

Kwa SMILE, tishu iliyo juu ya kipande, tunayoiita paa, ina 120, na kipande kinachotolewa hupewa maikroni kama 15 za ziada ili kisichanike wakati wa kuvutwa. Kwa hiyo ni 85 na 15, jumla 100. Chini yake zinabaki 288. Watetezi wa SMILE wana hoja ya kweli hapa: nyuzi za mbele za stroma ndizo zenye nguvu zaidi, na SMILE huziacha karibu zote bila kuzikata, kwa hiyo si haki kuihesabu kama LASIK. Naikubali hoja hiyo. Hata hivyo ektasia baada ya SMILE imeripotiwa, na kwa macho yenye dalili yoyote ya shaka siwezi kuigeuza hoja ya kinadharia kuwa ruhusa.

Kwa PRK, epitheliamu 50 zitaota tena. Zinazoondoka moja kwa moja ni 85, na stroma inayobaki ni 373. Hata ukiihesabu epitheliamu, tishu iliyoguswa haifiki asilimia 27. Jicho la kushoto lilitoa picha ileile, kwa nafuu kidogo.

Judo, machozi na mkono unaosugua

LASIK iliondoka mezani kabla hata ya hesabu kukamilika. Kwenye judo mtu hukamatwa kola, huangushwa, vidole na viwiko hupita usoni. Kifuniko cha LASIK kinaweza kuteguka kwa kipigo hata miaka mingi baada ya upasuaji, na mgonjwa huyu hakuwa na nia ya kuacha mchezo. Ni haki yake. Sipendi kabisa ushauri unaomwambia mtu mwenye miaka 27 abadili maisha ili yaendane na upasuaji wa hiari, wakati upo upasuaji unaoendana na maisha yake.

Machozi hafifu nayo yaliielekea LASIK vibaya. Neva za konea huingia kutoka pembeni kuelekea katikati, na kukata kifuniko ni kuzikata nyingi kwa mkupuo. Jicho lisilohisi ukavu halidai machozi. Kwa wengi hali hutulia ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, lakini anayeanza akiwa mkavu, na kazi yake ni kukodolea skrini huku akisahau kupepesa, ana njia ndefu zaidi.

Ikabaki SMILE dhidi ya PRK, na hapa ndipo tulipozungumza naye kwa muda mrefu. SMILE ilikuwa na mengi ya kumvutia. Hakuna kifuniko cha kuteguka. Ukavu ni mdogo kuliko wa LASIK. Maumivu ni kidogo na kazini angerudi ndani ya siku chache. Dhidi yake kulikuwa na zile 288, tabia ya kusugua macho ambayo matone yameituliza lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba haitarudi, na suala la marekebisho. Ukihitaji kuongeza baada ya SMILE, si rahisi kurudi na kutoa kipande kingine. Mara nyingi unafanya PRK juu yake au unageuza paa kuwa kifuniko. Kama PRK ndiyo ingekuja kuwa njia ya kurekebisha, kuanza nayo kulikuwa na mantiki. Kulikuwa pia na astigmatizimu ya 0.75. Mashine nyingi za eksima hufuatilia jicho likisogea na likizunguka, ilhali SMILE, hasa kwa mashine za awali, hutegemea daktari alilenge jicho sawasawa kabla mashine haijalishika kwa kulifyonza.

Daktari mwingine, kwa vipimo hivihivi, angeweza kuchagua SMILE na nisingemwita mzembe. Ila nisingekubaliana na yule anayeichagua kwa sababu ni mpya. Mgonjwa aliuliza swali zuri: "Sasa mbona hakuna anayeitangaza hii PRK?" Jibu nililompa ni kwamba njia ambayo siku tatu za mwanzo zinauma na uoni unarudi taratibu ni vigumu kuitangaza, hata kama konea inaishukuru.

Tulimweleza bei ya uchaguzi huo bila kuipunguza. Siku za maumivu na mwanga kuchoma. Wiki kadhaa za uoni unaopanda na kushuka. Hatari ya ukungu kwenye konea, inayoongezeka kadiri kina cha kuchonga kinavyoongezeka. Matone ya steroidi kwa miezi. Alikuwa na likizo ya wiki mbili. Akakubali.

Upasuaji na kupona

Macho yote mawili yalifanyiwa siku moja, kwa matone ya ganzi. Baada ya kuchonga, kitambaa chenye mitomaisini, dawa inayozuia seli kuzaana, ya asilimia 0.02 kiliwekwa juu ya stroma kwa muda mfupi ili kuzuia ukungu, kisha jicho likaoshwa vizuri. Lenzi laini ya kufunika kidonda iliwekwa, pamoja na matone ya antibayotiki na ya steroidi, na dawa za maumivu za kumeza.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: machozi yakitiririka, kope hazifunguki kwenye mwanga. Siku ya nne epitheliamu ilikuwa imefunga, tukatoa lenzi. Mwisho wa wiki ya kwanza alisoma 6/12 (uoni wa kawaida ni 6/6) na kuvunjika moyo kidogo, kwa sababu mfanyakazi mwenzake aliyefanyiwa LASIK alisoma 6/6 asubuhi iliyofuata. Huu ni wakati ambao mgonjwa wa PRK anahitaji kuonwa hata kama hakuna cha kutibu. Mshono wa epitheliamu unapokutana katikati huacha uso usio laini, na hadi utulie, herufi huonekana na kivuli. Mwezi wa kwanza alifika 6/7.5, mwezi wa tatu 6/6 kwa kila jicho. Mizunguko ya mwanga kwenye taa za usiku ilimsumbua miezi mitatu hivi, kisha ikafifia. Miwani ya jua alitakiwa kuivaa nje kila mara, kwa kuwa miale ya jua huchochea ukungu. Judo aliruhusiwa baada ya mwezi, mazoezi ya kuangushana baadaye kidogo.

Tukio moja linastahili kusimuliwa. Wiki ya sita presha ya jicho la kulia ilisoma 19, ikitoka 12 ya kipimo kilichotangulia baada ya upasuaji. Kwenye karatasi, 19 ni kawaida. Lakini konea iliyochongwa ni laini zaidi na hukifanya kipimo kisome chini ya ukweli, kwa hiyo presha halisi ilikuwa juu zaidi, na chanzo kilijulikana: steroidi. Tulimbadilishia steroidi dhaifu na kuipunguza haraka, presha ikashuka. Mtu anayemaliza matone yake nyumbani bila kurudi kupimwa anaweza kuharibu neva ya kuonea akiwa anafurahia kuona mbali.

Baada ya mwaka jicho la kulia lilisoma -0.25 na la kushoto sifuri. Ukungu ulikuwa chembe tu, usioathiri kuona. Ramani zilibaki tulivu, na matone ya machozi aliyahitaji siku za kazi ndefu pekee.

Kilichoweza kubadili uamuzi

Konea ya 560, machozi ya kutosha na mtu asiyecheza mchezo wa kugusana: hapo LASIK au SMILE zingekuwa chaguo halali kabisa, na haraka ya kupona ingekuwa sababu nzuri ya kuzichagua. Namba ya -9 kwenye konea hiihii ya 508: hakuna leza hata moja, tungezungumzia lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho mbele ya lenzi ya asili. Tofauti ya 1.6 ingebaki palepale baada ya wiki tatu: hakuna upasuaji, ni kufuatilia kwa ramani kila baada ya miezi kadhaa. Ujauzito au kunyonyesha: kusubiri, maana namba hubadilika. Na angekuwa na miaka 45, tungemkumbusha kwamba asiyeona mbali husoma karibu kwa kuvua miwani tu, na kwamba baada ya leza atahitaji miwani ya kusomea.

Aliondoka na karatasi ya vipimo vyake vya kabla ya upasuaji: mpindo wa konea, unene, namba ya miwani, presha. Siku atakapopata mtoto wa jicho, daktari atakayemchagulia lenzi ya kupandikiza atazihitaji namba hizo, kwa sababu hesabu za kawaida hukosea kwenye konea iliyochongwa. Na kwa kuwa jicho lake la kulia bado lina urefu wa milimita 25.9, hatari ya retina kuchomoka haikupungua hata kidogo. Atakaguliwa retina kila mwaka, na akiona ghafla vimulimuli, vidoa vingi vinavyoelea au pazia jeusi pembeni, anapaswa kufika kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.